Port Reitz: Viwanda vilikuja, lakini nani aliamua?

Ukitoka mzunguko wa Changamwe ukielekea uwanja wa ndege wa Moi, barabara ya Port Reitz inakupitisha mbele ya karne nzima ya viwanda vya pwani. Kuna matangi makubwa ya mafuta, nyua za kontena zilizopangwa moja juu ya nyingine, matrela yanayosubiri zamu ya kupakia, gereji za kuchomelea vyuma, na vibanda vya mbaazi na mahamri vinavyowalisha wanaofanya kazi humo. Chini kuna hori ya Port Reitz na mikoko yake, gati za Kipevu na meli zilizotia nanga. Ng'ambo ya maji ni Dongo Kundu, upande wa Likoni, ambako serikali inataka kujenga eneo maalumu la kiuchumi.

Mgeni akiyatazama matangi ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe atadhani kazi inaendelea. Matangi yana mafuta kweli, lakini tangu Septemba 2013 kiwanda hicho hakijasafisha hata pipa moja. Kimekuwa ghala. Mafuta yaliyosafishwa nchi nyingine yanaingia, yanahifadhiwa, kisha yanasukumwa kwa bomba kwenda Nairobi na mbele zaidi.

Mara nyingi tumefundishwa kwamba nchi zote hupanda ngazi moja ya viwanda: Uingereza ilitangulia, wengine wakafuata, na sisi tuko kwenye vidato vya chini tukipanda polepole. Historia ya Port Reitz inaonyesha jambo jingine. Viwanda viliingia kila jamii kwa njia yake, na tofauti kubwa zaidi kati ya njia hizo ilikuwa nani aliyeamua kitengenezwe nini, kwa ajili ya nani, na faida ibaki wapi.

Watengenezaji kabla ya mashine

Pwani hii haikungoja meli ya mvuke ndipo ijue kutengeneza vitu. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowaletea faida kubwa zaidi. Mombasa nayo aliitaja kwa uchimbaji wa chuma. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikuta vitambaa vilivyofumwa mjini humo vikisafirishwa hadi Misri. Bara, magharibi ya Ziwa Viktoria, Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri zenye joto kali sana takriban miaka 2,000 iliyopita, kama wachimbuaji wa mambo ya kale walivyothibitisha katika miaka ya 1970.

Hata ardhi ya Changamwe yenyewe haikuwa pori lililosubiri kiwanda. Wachangamwe ni mojawapo ya makabila ya Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana, na majirani zao Wajomvu wamo katika Tisa Taifa. Hao ni wenyeji wa Mombasa kabla ya gavana yeyote Mwingereza. Jina la Port Reitz lilikuja mwaka 1824, Kapteni William Owen alipotangaza ulinzi wa Waingereza kwa ombi la watawala wa Mombasa wa ukoo wa Mazrui, waliomhofia Sayyid Said wa Omani. Alimwacha Luteni John James Reitz kusimamia mji, na kijana huyo akafa kwa homa mwaka huohuo katika safari ya Pangani. Ulinzi wenyewe ulivunjwa mwaka 1826. Hori imebaki na jina lake.

Mashine zilianza kubadili maisha ya pwani muda mrefu kabla ya yeyote kuziona. Baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba cha merikani kwa marobota. Zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi iliyotumika kutengeneza vanishi. Kitambaa cha mashine kilikuwa imara na bei yake nafuu, na mfumaji wa mkono hakuweza kushindana nacho. Viwanda vya New England vilipata soko, na pwani ikapata nguo lakini ikapoteza vitanda vingi vya kufumia.

Hata hivyo, mnunuzi wa pwani hakupokea kila alicholetewa. Wanawake wa Mombasa, Unguja na Lamu walichagua rangi, upana na nakshi, na mfanyabiashara asiyewasikiliza alibaki na marobota ghalani. Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake la Mombasa lilianza mwaka 1887, alijenga jina la kanga za Mali ya Abdulla kwa kuijua ladha hiyo. Nakshi na maneno ya kanga vilipangwa Mombasa, lakini vitambaa vikapigwa chapa Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Hapo ndipo unapoanza mfano uliojirudia mara nyingi: akili na ladha zilikuwa za hapa, mishahara ya kiwandani ikalipwa kwingine.

Reli iliyotangulia kiwanda

Uingereza ilipofungua reli ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, viwanda vya pamba vya Lancashire vilikuwa vimeshanguruma kwa miongo kadhaa. Reli ilikuja kuvihudumia, kuvipelekea pamba na kuvitolea nguo. Mombasa mambo yalikwenda kinyume. Reli ya Uganda ilianza mwaka 1896, ikavuka Makupa, ikapita Changamwe na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Ilijengwa kwa vyuma vilivyotoka ng'ambo na kwa jasho la vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, ambao takriban 2,500 kati yao walikufa. Hapakuwa na kiwanda kikubwa njiani kilichoisubiri. Reli ilikuwa ya kufikisha utawala bara na kuleta mazao pwani.

Kilindini ilipopata gati zake za kwanza za maji marefu mwaka 1926, pamba ya Uganda, kahawa na mkonge vilishuka kwa mabehewa na kupanda melini. Pamba hiyo ilifumwa Bombay na Lancashire, kisha ikarudi dukani ikiwa nguo. Uganda ilianza kulima pamba ya kuuza mwaka 1903, lakini ilisubiri hadi miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls lilipoanza kutoa umeme, ndipo kiwanda kikubwa cha nguo kikasimama Jinja. Kwa karibu nusu karne mkulima aliuza pamba na kununua shati kupitia mlango uleule wa Kilindini.

Japani ilikuwa ikishughulika na mashine hizohizo katika kipindi kinachokaribiana na hicho. Mwaka 1872 serikali ya Meiji ilifungua reli yake ya kwanza, kutoka Tokyo hadi Yokohama, na mwaka huohuo ikafungua kiwanda cha hariri cha Tomioka kwa mitambo ya Kifaransa na mtaalamu Mfaransa. Wasichana walipelekwa huko kujifunza, kisha wengi wao wakarudi mikoani kuwafundisha wengine. Japani nayo ilibanwa na mikataba iliyolazimishwa na mataifa ya Magharibi, na maisha ya wasichana wa viwandani yalikuwa magumu. Lakini uamuzi wa nini kijengwe ulifanywa na Wajapani, na ujuzi ulipangiwa kubaki kwao. Reli ya Mombasa ilichorwa London, na aliyeishi Changamwe hakuulizwa.

Kibarua na saa ya mwajiri

Namna watu walivyoingia kazini nayo ilitofautiana. Uingereza, wakulima wengi walikuwa wamepoteza mashamba kabla ya kufika mjini, na mlango wa kiwanda ukawa njia yao pekee ya kupata mkate. Mombasa, kuli wa bandarini alikuwa mara nyingi na kwao: shamba Kwale, Kilifi, Ukambani, Taita au Nyanza. Aliajiriwa kwa siku. Angeweza kufanya kazi siku kadhaa, akapata ya kodi na ya karo, kisha akapumzika au akarudi kulima. Waajiri wa kikoloni waliita huo uvivu. Kwa kibarua, shamba lilikuwa kinga dhidi ya mwajiri aliyelipa kidogo.

Mfumo huo uliwafaa wenye meli pia kwa muda mrefu, kwa kuwa siku isiyo na meli hawakulipa mtu. Lakini vita vya pili vya dunia vilipandisha bei ya chakula na kodi ya nyumba kupita mshahara. Tarehe 13 Januari 1947 watu zaidi ya 15,000 waligoma kwa pamoja: makuli, wafanyakazi wa reli, wahudumu wa hoteli na watumishi wa majumbani. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na mji ulisimama kwa siku 12. Chege Kibachia akawa sauti yao kupitia chama cha wafanyakazi Waafrika. Mnamo Agosti mwaka huo serikali ilimkamata na kumpeleka uhamishoni Baringo.

Mgomo ule, na mwingine wa makuli mwaka 1955 ambapo Tom Mboya aliingilia kati kutafuta suluhu, uliwalazimisha wakubwa kufikiri upya. Kibarua wa siku alianza kugeuzwa kuwa mfanyakazi aliyesajiliwa, mwenye mshahara wa mwezi. Mitaa ya nyumba za kupangisha wafanyakazi ikaenea bara ya Mombasa, Changamwe ikiwemo. Haki hizo hazikuletwa na mtambo wowote. Zilidaiwa na watu waliokuwa na mahali pa kurudi, na kwa sababu hiyo waliweza kukaa siku 12 bila mshahara. Hapo wafanyakazi wa Mombasa waliandika wenyewe ukurasa mmoja wa historia ya viwanda vyao.

Mitambo miwili ya mafuta

Hakuna mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko kiwanda cha mafuta cha Changamwe na mwenzake wa Singapore. Mwaka 1961 kampuni ya Shell ilifungua kiwanda cha kusafisha mafuta katika kisiwa cha Bukom, cha kwanza Singapore. Wakati huo Shell na BP walikuwa wameshasajili kampuni ya kujenga kiwanda Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963. Bandari mbili za himaya moja, wawekezaji karibu walewale, mafuta ghafi ya Ghuba, na nchi mbili zilizokuwa zikielekea uhuru. Leo Singapore ni miongoni mwa vituo vikubwa vya kusafisha mafuta na kutengeneza kemikali duniani. Changamwe ni ghala.

Sababu si moja. Singapore iko kwenye njia kuu ya meli kati ya Ghuba na Asia Mashariki, iliyokuwa ikikua kwa kasi. Lakini jiografia peke yake haitoshi kueleza. Mwaka 1961 serikali yake iliunda bodi ya maendeleo ya uchumi, ikaanza kutengeneza eneo la viwanda la Jurong kwenye vinamasi, ikasomesha mafundi, na ikatumia kila kiwanda kilichokuja kuvuta kingine.

Kwetu soko liligawanyika. Changamwe kilikusudiwa kuhudumia Afrika Mashariki yote, lakini Tanzania ilijenga chake Dar es Salaam, TIPER, kilichoanza mwaka 1966, na Zambia ikafungua cha Ndola mwaka 1973. Kila nchi ilitaka chake, na kila nchi ilikuwa na haki ya kutaka, ila hakuna soko lililotosha kuvikuza vyote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Changamwe kilikuwa kimeongezewa sehemu ya pili mwaka 1974, na serikali ya Kenya ilikuwa imechukua nusu ya hisa mwaka 1971, lakini mtambo wenyewe ulibaki wa teknolojia ya kawaida. Ulitoa mafuta mazito mengi na ulikosa uwezo wa kuyavunja ili yawe petroli na dizeli kwa wingi.

Mwaka 1999 India ilifungua kiwanda cha Jamnagar, kikubwa mara nyingi kuliko cha Changamwe, na ng'ambo ya bahari yetu hiihii. Kampuni za mafuta nchini, zilizotakiwa na sheria kupitisha sehemu ya mafuta yao Changamwe, zikalalamika kwamba kuagiza yaliyosafishwa tayari kulikuwa nafuu. Kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa mwaka 2009 kwa ahadi ya kukiboresha, kisha mwaka 2013 ikaona mradi haulipi. Mitambo ilizimwa, na mwaka 2016 serikali ikawa mmiliki pekee.

Miaka miwili baadaye likatokea jambo ambalo kila Mkenya anayejali viwanda angepaswa kulitafakari. Kuanzia Juni 2018 malori yalisafirisha mafuta ghafi kutoka Turkana hadi Changamwe. Yakajazwa katika matangi ya kiwanda kilekile, na Agosti 2019 mapipa zaidi ya 200,000 yakapakiwa melini na kuuzwa nje. Mafuta ya ardhi ya Kenya yalipita ndani ya ua wa kiwanda cha Kenya cha kusafisha mafuta, yakatoka kama yalivyoingia.

Jirani zetu walijaribu njia nyingine. Tanzania ya Azimio la Arusha iliweka viwanda mikononi mwa umma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina, na kanga zikapigwa chapa nyumbani. Wafanyakazi wengi walijifunza ufundi humo, na watu walivaa kilichotengenezwa na ndugu zao. Njia hiyo nayo ilikwama, kwa vipuri vilivyokosa fedha za kigeni, kwa usimamizi dhaifu, na baadaye kwa soko lililofunguliwa kwa bidhaa rahisi za nje. Nani aliamua ni swali la kwanza, lakini linafuatwa na jingine: je, aliyeamua alikuwa na uwezo wa kuulinda uamuzi wake?

Moshi unaobaki

Kiwanda kikiamuliwa mbali, mara nyingi faida huenda mbali na sumu hubaki karibu. Mwaka 2005 mafuta ya meli ya Ratna Shalini yalimwagika Kilindini na kuua mikoko katika hori ya Port Reitz. Humo ndimo kamba na kaa huzaliana na wavuvi wadogo hupata riziki.

Mwendo mfupi kutoka hapo, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifunguliwa mwaka 2007. Madini ya risasi yaliingia hewani, majini na katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo, aligundua kwamba mwanawe alikuwa ameathirika, akaanza kuwaunganisha wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido akapata tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Kesi ilichukua miaka. Julai 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa iliifuta fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Huu ni ushindi mkubwa katika historia ya viwanda vya Kenya. Uingereza ilichukua miongo mingi, na maisha ya watoto wengi wa migodini na viwandani, kabla ya kukubali kwamba sheria inaweza kumwekea mwenye kiwanda mipaka. Wakazi wa Owino Uhuru walikuwa na katiba ya mwaka 2010 inayosema wazi kwamba mazingira safi ni haki ya kila mtu, wakaitumia. Kuchelewa kwetu kulitupa nafasi moja: tunaweza kudai mapema kilichowagharimu wengine muda mrefu.

Madai kama hayo yalisikika pia reli mpya ya SGR ilipoanza mwaka 2017 na mizigo ikaelekezwa kwenda Nairobi kwa treni. Madereva, mawakala wa forodha, wenye gereji na wenye vibanda wa Changamwe, Miritini na Mikindani waliona riziki yao ikipitishwa juu ya daraja. Mwaka 2019 waliandamana kila Jumatatu, na vuguvugu la Okoa Mombasa likaenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo la kulazimisha treni lilikiuka katiba. Mji unaoishi kwa bandari ulikataa kugeuzwa kichochoro.

Dongo Kundu inauliza

Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilivuka kontena milioni 2, zikihesabiwa kwa kipimo cha futi 20. Ni fahari. Lakini kontena inayopita huacha kazi ya kuishusha, kuilinda na kuisafirisha tu. Yule anayetengeneza kilichomo ndani ndiye anayepata mafundi, kodi, ujuzi na watoto wanaokua wakijua mashine.

Ndiyo maana Dongo Kundu ni muhimu. Sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi ilipitishwa mwaka 2015, barabara na daraja la kuvuka hori vimekamilika, na kutoka Port Reitz sasa unafika upande wa pili bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwekezaji ni mgeni wa kukaribishwa. Ila kila anayetia saini ana wajibu wa kuonyesha mwenyeji atapona vipi: wenye ardhi watalipwa lini na kiasi gani, vijana wa Likoni na Changamwe watasomeshwa ufundi upi kabla mitambo haijafika, viwanda vya hapa vitauza nini kwa vile vikubwa, na maji machafu yatapelekwa wapi badala ya kumwagwa horini.

Majibu hayo yanafaa kuandikwa ndani ya mikataba, na mikataba isomwe katika mabaraza ya wananchi wa Mtongwe, Port Reitz na Miritini kwa lugha wanayoielewa. Historia haituambii tuige Manchester, Tomioka au Jurong. Inatuambia kwamba kila mahali ambako viwanda viliwafaa watu, watu hao walikuwa na neno katika kuvipanga, na palipokosekana neno hilo kilichobaki ni matangi. Mombasa imeshaonyesha mwaka 1947, na tena mahakamani mwaka 2024, kwamba inajua kudai. Sasa idai mapema, kabla jiwe la msingi halijawekwa.